Zumari la Bi Arafa

Siku hizi kila nyumba hupigiwa muziki kama filamu. Mtambo wa ukutani humtambua mtu na kumtanguliza kwa wimbo wake. Kwa Salha mambo yalinoga, maana mwenyewe alikuwa mtunzi wa muziki wa filamu. Mumewe, Salha alimtungia gambusi la kivivu. Mama mkwe, Bi Arafa, zumari lenye kisirani, lililolia kila alipokaribia mlango kuja kukagua masufuria. Mke na mume walicheka hadi machozi. Bi Arafa alipofariki, zumari likanyamaza.

Miaka ikapita. Leo Nuru, mke wa mwana wa Salha, alikuwa jikoni akipika wali.

"Mwanangu," Salha akaanza, "hili ni tui, au maji uliyosuuzia mbuzi ya nazi?"

Zumari likalia.

Salha akageukia mlango. Hapakuwa na mtu.

"Mama, huo wimbo wa nani?" Nuru akauliza. "Mbona unachekesha hivyo?"

Salha akafumbua kinywa, zumari likapanda. Akakifumba, likatulia. Akachota tui kwa upawa, akaonja.

"Tamu, mwanangu," akasema kwa upole.

Zumari halikumwamini.