Jembe Harusini

Spika kubwa iliyosimamishwa kwenye mteremko ilianza kuinama upande wa benchi alilokalia bibi harusi, Kandida, na papo hapo akamwona baba yake akiingia uani.

Alikuwa ameapa kwamba hataikanyaga harusi hii. Sasa alikuja na jembe begani, kama mtu anayepita tu kwenda shambani.

"Kokoto hazitaizuia," baba alimwambia fundi wa muziki, aliyekuwa akiitegea kokoto chini. "Ishushe kwanza."

Akapiga magoti. Jembe lake lilikuwa limelika hadi likabaki kama kijiko, maana mapya yalikuwa hayajaonekana madukani Babati tangu mwaka juzi. Kwa hilo hilo akachimba upande wa juu, akajaza wa chini, akaushindilia udongo kwa viganja, polepole, kama alivyotengeneza matuta yake kule Singe.

Wakairudisha spika. Akaisukuma kwa bega, haikutikisika.

"Haitamwangukia," akamwambia fundi, bila kumtazama binti yake. Akageuka aondoke.

"Shikamoo, Baba," Kandida akasema. Akampokea jembe, kama mgeni anavyopokewa mzigo, akalilaza na udongo wake mapajani, juu ya gauni jeupe la kuazima, kisha akasogea kwenye benchi kumwachia nafasi ya kukaa.