Manyoya Mafupi

Tangu kiharusi kimpoozeshe mumewe na kumnyamazisha, Zuleha ndiye aliyeunda chambo cha manyoya cha kunasia samaki wakubwa wenye meno wa Mto Kilombero.

Asubuhi moja, kibarazani kwao Morogoro, alikuwa akizungushia uzi ndoana kubwa, akibana manyoya meupe ya mbuzi yaliyotakiwa kucheza majini kama samaki anayekimbia.

Mumewe aliketi kando yake akitazama. Ghafla mkono wake wa kushoto, uliobaki na nguvu, ulinyooka, ukayashika yale manyoya na kuyachomoa yote.

Zuleha aliacha uzi ulegee.

"Mafupi," alisema mumewe.

Neno lilitoka kwa shida, limepinda, lakini lilikuwa la kwanza tangu Ramadhani.

Zuleha alikuwa amelisikia vizuri kabisa. Akamsogelea, akamwinamia.

"Umesemaje, mume wangu?"