Muhuri wa Hakimu

Theofano alitembea siku kumi na mbili akiwa na barua ya hakimu kifuani, barua ya kumwachia huru mwanawe Niketa. Ilikuwa imefungwa kwa uzi, na uzi umebanwa kwa muhuri wa madini laini ya risasi. Upande mmoja wa muhuri ulikuwa na sura ya mtakatifu, upande wa pili jina la hakimu. Kila alipoketi kupumzika, alimsugua mtakatifu kwa kidole gumba akimshukuru, kisha akaugeuza muhuri amshukuru na hakimu.

Alifika asubuhi ile ile ya kunyongwa kwa Niketa. Mkuu wa gereza aliupeleka muhuri kwenye mwanga, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Umefutika, mama. Hauna jina."

"Jina limo ndani, bwana. Fungua usome."

"Nikifungua barua ambayo muhuri wake hausomeki, nakatwa mkono." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Rudi kwa hakimu akupigie mwingine."

"Siku kumi na mbili?"

"Ishirini na nne. Kuna kwenda na kurudi."

Akamrudishia barua kwa mikono miwili, kwa adabu. Huko uani mtu aliliita jina la Niketa mara mbili, kwa sauti ya wazi, asije akanyongwa mtu mwingine.

Theofano aliutazama muhuri. Uling'aa, hauna hata mkwaruzo. Kidole gumba chake, cheusi kwa risasi, kilikuwa kimeshaanza tena kusugua.