Hospitali ya Kicheche

Zamani hizo wanyama nao walikuwa na serikali, kwa hiyo walikuwa na zabuni. Kicheche alishinda zabuni ya kuwatibu raia wote, kwa sharti kwamba kabla ya kufungua akaguliwe kama yuko tayari.

Hakuwa na hata bandeji. Alipaka kuta rangi, akaazima vitanda vya gesti, na akampa Bata udaktari kwa kuwa amezaliwa na koti jeupe.

"Kazi yako ni kutikisa kichwa tu," alimwambia.

Mkaguzi, Korongo, alifika na njaa yake.

"Tuanze na wodi?" aliuliza.

"Tuanze na samaki, mheshimiwa. Watapoa."

Korongo akala mpaka shingo ikanenepa. Akaisifu rangi, akagonga muhuri mlangoni: TAYARI. Kisha akarudi kummalizia sato wa mwisho, na mwiba ukamkwama kooni.

"Nakufa! Nikimbizeni hospitali!"

"Hospitali ndiyo hii, mheshimiwa," akasema Kicheche. "Muhuri wako hata haujakauka."

"Basi niitieni daktari!"

Bata akaja mbio, akamchungulia kooni kwa makini, akatikisa kichwa.