Kipimo cha Mkono

"Nyoosha mkono, mama watoto," fundi cherehani alisema, akivuta futi ya kupimia shingoni.

Siku zote alimpima mkewe mkono wa kulia. Leo mkono huo ulikuwa umembeba mtoto wa sita, kwa hiyo fundi akashika wa kushoto.

Mke akabana pumzi. Humo, chini ya ngozi, kilikuwamo kijiti cha uzazi wa mpango, chembamba kama njiti ya kiberiti. Mumewe alishasema zamani kwamba kila mtoto huja na sahani yake, na mjadala ukafungwa hapo.

"Hakuna jicho litakalokiona," nesi wa kliniki alikuwa amemhakikishia siku ya kukiweka. Lakini nesi hakuolewa na fundi, mtu anayejua uzi uliokatika kwa kupapasa tu.

Kidole gumba kikapita. Kikarudi. Kikatulia palepale.

"Ni mwiba," mke alisema haraka. "Ulinichoma nikiokota kuni."

"Wanawake wa mtaa huu nawapima kila siku," fundi alisema taratibu. "Miiba hii naikuta mingi. Nilikuwa nawacheka waume zao."

Hakuuachia mkono. Futi aliyokuwa ameuzungushia ilianza kuubana.