Wagonjwa wa Seva

Tangu sheria ilipotaka mashine za umma zisalimie kama watu, hakuna aliyehudumiwa kabla ya kuulizwa hali ya nyumbani. Ukitaja mgonjwa, seva ilimweka kwenye kumbukumbu yake na kumuulizia kila ulipoingia, mpaka useme amepona au amefariki.

Ndiyo maana seva ya idara ya maji ya mji ilikuwa ikijaa majina na kuzimika kila adhuhuri. Wagonjwa walipona, lakini watu hawakurudi kusema. Salha, fundi wake, alikuwa ameiwasha upya mara tatu wiki ile, na amechoka nayo.

Simu ikaita. Mumewe, Mbwana, tena.

"Umekula? Usijichoshe, tafadhali."

"Mbwana, niache nifanye kazi!"

Mwezi mzima sasa alikuwa akimganda hivi, hata ndoo hamruhusu kuinua.

"Dada Salha, tuwafute wote waliopitisha wiki tatu?" aliuliza Kombo, mwenzake wa zamu, kidole kikiwa tayari.

"Subiri niwapitie. Wengine bado wanaumwa kweli."

Aliteremka na orodha haraka haraka, mpaka jina moja likamsimamisha. Salha binti Ausi. Aliyemtaja: mumewe, Mbwana. Kila asubuhi Mbwana alipoingia kununua maji, seva ilimuulizia mgonjwa, na kila asubuhi ilijibiwa. Jibu la leo lilisema: "Bado hana nafuu. Daktari ameniambia mimi tu. Mwenyewe hajui."

"Dada? Nifute?"

Simu ikaanza kuita. Salha aliitazama, kisha akaipokea.

"Nimekula, mume wangu," alisema kabla hajaulizwa.