Dakika Ishirini za Upepo

"Hivi kutoka hapa Warsaw mpaka Lisbon ni mwendo wa saa ngapi kwa ndege?" mdogo wa Zbyszek aliuliza, akidokoa jibini la kujazia pierogi, sambusa za kuchemsha. "Nataka nimpeleke mchumba."

"Saa nne na dakika tano," mke wa Zbyszek akajibu, vidole vikiendelea kubana kingo za unga. "Ila kurudi, shemeji, mnaokoa dakika ishirini. Upepo unawasukuma mgongoni."

"Kumbe nina shemeji rubani!" Mdogo mtu akaangua kicheko.

Zbyszek hakucheka. Wivu ulimpanda. Mwanamke huyu aliapa hajapanda ndege tangu azaliwe, kwamba anaogopa. Ndiyo maana kila Mei alikwenda Gdańsk, kule kaskazini kwenye baridi, kwa treni, kwa shangazi yake, wiki nzima, peke yake. Akirudi mabega yamebabuka, eti jua la Gdańsk.

Vidole vya mkewe vilikuwa vimesimama. Pierogi ilibaki kiganjani, nusu imefungwa, jibini likichungulia.

Zbyszek akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Endelea, mke wangu," alisema kwa upole. "Na pale uwanjani Lisbon, huwa anakupokea nani?"